Moto Usioombwa

Dalili ya mvua si mawingu. Kwetu Mwanza, wingu likiinuka ziwani, funga mdomo kwanza, ndipo uulize kama ni mvua. Mwalimu Shimba hakulijua hilo. Alikuwa ameshuka treni ya Tabora mwezi ule ule, katekista mpya wa misheni yetu, na jioni ile ya Jumamosi alisimama uani mwa kanisa kujibu maswali ya watu.

Swali lilikuwa moja tu, na mwenye swali alikuwa kaka yangu Malimi, mpakiaji wa marobota ya pamba bandarini.

"Nithibitishie kwamba Mungu yupo," alisema. "Ukishindwa, kesho simleti mwanangu Doto kubatizwa."

Hakuna aliyecheka. Kulwa, pacha wa Doto, tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia, hajabatizwa. Na Doto mwenyewe alikuwa nyumbani mgongoni mwa mama yake, Odeta, anachemka homa, hataki kunyonya. Mimi namwamini Mungu. Nilitaka mtoto yule abatizwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Rahisi sana, ndugu yangu," alisema Mwalimu Shimba. "Ukiona moshi, moto upo. Ukiona wingu, mvua ipo. Ulimwengu unauona, basi Muumba yupo." Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, upande wa Kamanga, ambako wingu jeusi lilikuwa likipanda kama nguzo. "Lile pale! Nani atabisha kwamba mvua yaja?"

Sisi wenyeji tulilitazama, tukafunga midomo. Wanawake walianza kuvuta kanga puani.

Wingu likatufikia. Visubi, wale wadudu wadogo wa ziwani, maelfu kwa maelfu, wakamwingia Mwalimu machoni, masikioni, na kinywani katikati ya neno. Akapiga chafya, akatema, akapiga tena. Seif, muuza kahawa aliyekuja kusikiliza hoja za Wakristo akiwa nje ya ua, akaita, "Mwalimu, mvua yako ina mabawa!" Watu wakaangua kicheko.

Malimi hakucheka. "Umeona?" alisema visubi walipopungua. "Dalili yako imekudanganya. Na ya Mungu wako ni hiyo hiyo." Akageuka aondoke.

Haikuwa desturi mwanamke kusema katika mikutano ile. Nikasema.

"Kaka, subiri. Mwalimu amekosea."

Mwalimu Shimba alinigeuzia macho mekundu. Nilikuwa nikifundisha wasichana kusoma, chini yake. Kazi yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Amekosea kusema ni mvua," nikaendelea. "Lakini wewe ulipoona si mvua, ulisema wingu limejileta lenyewe? Ulisema ni visubi. Tulikosea jina la chanzo. Hatukukosea kwamba chanzo kipo."

"Sawa. Visubi wametoka ziwani."

"Na ziwa?"

"Limeletwa na mito. Mito imeletwa na mvua. Na mvua, Teodora, inatoka ziwani." Akachora duara hewani kwa kidole. "Imezunguka yenyewe. Mungu wako nimweke wapi hapo?"

"Haya, binti, lijibu hilo!" Seif akachochea.

Nilimtazama kaka yangu, nikamkumbuka Odeta jikoni kwake.

"Moto ukizimika nyumbani kwako, mkeo hufanyaje?"

"Huenda kwa jirani kuomba kaa la moto."

"Na jirani kalipata wapi?"

"Kwa jirani mwingine. Usinifundishe mambo ya jikoni, dada."

"Leo ndiyo nakufundisha. Zipange nyumba hizo kwa mstari, zipange kwa duara, ziwe nyingi kuliko nyota. Kama kila nyumba imeomba, na hakuna hata moja yenye moto wake, basi wote mko gizani mnatafuna mihogo mibichi. Duara likiwa kubwa haliwashi moto. Mvua, mito, ziwa, wewe na mimi, sote tumeomba. Hakuna aliyejipa kuwako. Na tazama, jiko linawaka. Basi yupo ambaye hakuomba."

Seif aliacha kugonganisha vikombe vyake.

Malimi akarudi, akanikaribia, sauti imeshuka. "Nakubali. Yupo. Sasa niambie: huyo ndiye aliyemuua Kulwa kwa sababu nilicheza ngoma ya mapacha walipozaliwa?"

Hapo nikaelewa alichokuwa anauliza tangu mwanzo. Kwenye maziko, kaburi likiwa bado wazi, Mwalimu Shimba alikuwa ametamka maneno hayo hayo.

"Nilikwisha kueleza," akadakia Mwalimu. "Ile ngoma ya kipagani ndiyo iliyomwondoa mtoto. Tubu, kisha umlete huyo mwingine."

"Hapana," nikasema. "Hilo hakuna aliyelithibitisha. Mwalimu halijui. Amelitunga."

"Teodora!"

"Kulwa alikufa kwa homa. Kwa nini Mungu aliiacha homa ile, sijui, kaka. Ningejua ningekuambia. Lakini anayesema anajua anakudanganya, na anamsingizia Mungu."

Mwalimu Shimba akaja mpaka pumzi yake ikanifikia. "Umenivunjia heshima mbele ya waumini na mbele ya Waislamu. Omba radhi sasa hivi. La sivyo, Jumatatu usikanyage darasani, na Padri nitamweleza kwa nini."

Mama Tereza, mke wa mzee wa kanisa, akanivuta kanga. "Sema samahani, mwanangu, yaishe. Mdomo hautozwi ushuru."

Malimi alikuwa ameshatuacha, amefika langoni. Alisimama pale, mkono juu ya mti wa lango, mgongo kwetu. Hakutoka. Alikuwa anasikiliza kama nitayarudisha maneno yangu juu ya Kulwa.

"Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kufika langoni, "umenizidi umri, na shikamoo yako utaipata kila asubuhi. Radhi siombi. Si leo, si Jumatatu, wala mbele ya Padri."