Boneti Nyeusi ya Marehemu Majak

Fundi Semei alikuwa amekwisha kuwapima mafundi wote wa bodi za magari wa mtaa wa Gudele, Juba, mmoja mmoja, na hakuna aliyemfika hata kwenye kifundo cha mguu. Mmoja alijaza puti mpaka mlango ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Mwingine alipiga rangi juu ya kutu, sawa na mtu anayejipaka mafuta bila kuoga. Wa tatu, mwenye bango kubwa kuliko gereji yenyewe, hakujua kwamba kunyoosha bati ni kazi moja na kulitwanga ni kazi nyingine. Semei aliyasema haya waziwazi, miwani puani, na wenyewe wakipita walimsalimu kwa heshima wakaenda zao. Jambo hilo lilizidi kumthibitishia kwamba hata aibu hawana.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alizaliwa upande wa Tororo, akashika nyundo Kampala angali kijana, kisha akafanya kazi Nairobi miaka mingi kabla ya kuhamia Juba. Huko Nairobi mchana alinyoosha bati, na jioni alinawa mikono kwa sabuni ya unga na kwenda madarasa ya usiku, akaketi na wapishi na walinzi waliosinzia huku yeye akiandika. Kusoma alikojifunza ukubwani hakukuacha tena. Kwenye rafu ya gereji, juu ya spana, kulikuwa na kamusi mbili na vitabu vya kiwandani vya magari ambayo hakuna tena aliyeyaendesha.

Kwa hiyo siku Thiik alipoleta lile gari likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, Semei alilitambua kabla halijasimama. Datsun 240Z, milango miwili, pua ndefu, mgongo uliolala kama wa duma. Mwili mweupe uliofifia, boneti nyeusi. Aliinuka, jambo ambalo hakuwafanyia wateja.

"Mzee, hii kitu nataka iwake," Thiik alisema. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na ushei, msimamizi wa mizigo pale uwanja wa ndege, aliyelelewa Nairobi na kurudi Juba na Kiswahili cha huko. "Nyekundu ya damu. Rimu kubwa, viti vya ngozi, skrini hapa katikati. Injini tutoe hii imechoka, tuweke ya Toyota. Na hizi mabonde kwa bati zote zipotee. Nikipita, mtu ajue kuna mtu amepita."

"Umemaliza?"

"Kwa sasa."

"Basi nenda kanunue gari jekundu, uniachie hili. Ukishaondoa injini, viti, rimu na rangi, utakuwa umebaki na nini cha baba yako? Upepo wa kwenye tairi?"

Thiik alicheka, halafu akaona kwamba mzee hacheki. Ikabidi aeleze. Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Majak, aliyelinunua Nairobi katika miaka ile ya amani kabla vita havijarudi, akalileta Juba. Vita viliporudi, lilikwenda kufichwa Kitale katika banda la mahindi. Sasa Thiik alikuwa anamwoa Nyandeng. Ng'ombe walikwisha kukubaliwa, wazee wa pande zote wameridhika, isipokuwa mmoja: Mzee Akot, mjomba wa Nyandeng upande wa mama, ambaye zamani alikuwa rafiki wa Majak. Huyu alikataa ng'ombe wa fungu lake. Alitaka gari.

"Alisema hivi," Thiik akaiga sauti nzito ya polepole. "'Nataka lile la Majak. Nitakuja kuliangalia. Nikiliona nitalijua. Nisipolijua, msichana atabaki kwetu.' Na huyo mzee hatanii. Nyandeng amelia wiki nzima."

"Mtu amekuambia atalijua akiliona, na wewe unataka kumpelekea jekundu lenye skrini."

"Mzee wangu, zawadi si hupambwa?"

Semei alivua miwani akaifuta, kwa sababu alikuwa anatafuta neno na maneno yote yaliyokuja yalikuwa mazuri mno kwa kijana huyu. Hawa ndio waliorudi, aliwaza. Wanarudi na simu mbili na manukato, hawajui kwao wala walikotoka. Kwao kitu cha zamani ni aibu inayosubiri rangi.

"Sikiliza, kijana. Gari hili litatoka hapa kama lilivyotoka kiwandani. Injini ile ile, viti vile vile, rangi ile ile. Hutaki, fungua kamba uliyoifunga uvute tena. Kuna gereji hapo mbele ina bango zuri. Watakuwekea hata mapazia."

Thiik alijua, kama wote walivyojua, kwamba Juba nzima hakuna mwingine wa kuzisikiliza kabureta mbili za gari lile na kuzipatanisha. Aliacha funguo mezani.

Semei alilianza gari lile kama mtu anayeanza kitabu kigumu. Aliishusha injini, akaisafisha kipande kwa kipande, akairudisha. Nyaya zilizotafunwa na panya wa Kitale alizibadilisha kwa rangi zilezile zilizochorwa kitabuni, nyekundu mahali pa nyekundu, kijani mahali pa kijani, ingawa hakuna binadamu ambaye angezichungulia. Ngozi ya plastiki ya viti aliishona kwa mkono. Bonde la mlango wa kulia aliliacha makusudi, akamweleza mkewe Aidah, ambaye alikaanga chapati kwenye kibanda cha jirani, kwamba hiyo ni historia na historia haijazwi puti.

Lakini ule weusi ulimkera.

Alikuwa ameuona tangu siku ya kwanza, na kadiri alivyokaribia ndivyo ulivyozidi kumchukiza. Haukupigwa kwa pampu ya kupulizia rangi. Ulipakwa kwa brashi ya ukutani, tena kwa mkono usiojua brashi. Ulifunika boneti yote, ukamwagika mabegani juu ya magurudumu ya mbele, kushoto zaidi kuliko kulia, ukakomea katikati ya mlango bila mstari wala mpango. Nyuma, juu ya taa, lilikuwapo doa jingine kubwa kama sahani. Nywele za brashi zilikuwa zimegandia ndani ya rangi.

Alifungua kitabu. Kitabu kilisema gari la namba ile lilitoka kiwandani likiwa jeupe, jeupe lote. Semei hakuhitaji kufikiri sana. Magari ya namna ile yalikimbia mashindano ya Safari zamani zile, na yeye mwenyewe aliwahi kusimama kando ya barabara kuyatazama. Boneti zilipakwa nyeusi ili jua lisimpige dereva machoni.

"Mwigaji," alimwambia Aidah. "Marehemu alikuwa mwigaji tu. Ameona magari ya mashindano, akaenda dukani akanunua kopo la rangi ya mlango. Kuiga kwenyewe kukamshinda, akafika mpaka kwenye mlango. Mtoto anataka nyekundu, baba alitaka nyeusi. Damu haipotei."

"Wewe unasema sana," Aidah alisema, mkono juu ya kikaango. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Busia, na Semei alikwisha kuchoka kukisahihisha. "Ile mzee Akot iko hapa tu, nyumba yake mimi najua. Enda uliza yeye, gari ilikuwa namna gani."

"Nikamuulize mchunga ng'ombe habari za rangi ya gari?"

"Gari ni ya yeye kupokea, si ya kitabu."

"Aidah, geuza chapati yako, inaungua."

Haikuwa inaungua. Lakini mazungumzo yalikwisha.

Kuuondoa weusi ule kulimchukua siku kumi na moja. Fundi yeyote wa Gudele angekwangua mpaka kwenye bati na kupiga rangi mpya. Semei hakufanya hivyo. Chini ya ule uchafu kulikuwa na rangi ya kiwandani, nyembamba kama ganda la kitunguu, na yeye alitaka kuifikia bila kuijeruhi. Alilainisha kwa thina kwenye pamba, sehemu ya ukubwa wa kiganja, kisha akasugua kwa msasa laini uliolowa maji, akifuta, akitazama, akisugua tena. Vidole vilimpasuka. Weupe ulipoanza kutokea, safi, wa miaka hamsini, aliwaita mafundi wa jirani waje wauone. Walikuja. Wakatikisa vichwa. Aliona kwamba hawakuelewa walichokuwa wakikitazama, akafurahi zaidi.

Thiik alipopita jioni alilizunguka gari mara mbili.

"Ni safi," alikiri. "Lakini ni kama limevaa shuka ya hospitali."

"Ndivyo lilivyozaliwa."

"Nilizoea ile nyeusi."

"Ulizoea uchafu. Hata mtu huzoea kunguni."

Jumamosi asubuhi Mzee Akot alifika kwa miguu. Alikuwa na fimbo, koti la suti juu ya shati jeupe, na mistari ya chale alizochanjwa ujanani kwenye paji la uso. Kiswahili alikipata Kitale wakati wa ukimbizi, akakitumia polepole. Alimpa Semei mkono, akampa Thiik mkono, akakataa kiti.

Aliliendea gari kutoka nyuma. Alisimama mbali kidogo kwanza, kichwa upande, halafu akaanza kulizunguka. Semei alitarajia ashike kitasa au aombe liwashwe. Hakufanya hivyo. Alipitisha kiganja juu ya bega la kushoto, pale juu ya gurudumu, akakirudisha, akakipitisha tena, kama anayetafuta uvimbe. Akafika kwenye boneti akasimama.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Ni hili, mjomba," Thiik alisema.

"Hili ni jeupe. Mimi nilisema la Majak."

Thiik alifungua kinywa. Mzee Akot hakumngoja.

"Baba yako alikuwa na dume la ng'ombe. Shingo nyeusi, bega hili jeusi kuliko hili, doa moja nyuma juu ya mkia, kwingine kote kweupe. Hata jina lake Majak ni la rangi ya ng'ombe, hulijui? Alilitungia nyimbo. Alikuja kufanya kazi mjini, dume likabaki kambini, likafa kwa ugonjwa. Hakula siku mbili. Kisha akanunua rangi, tukaenda mtoni tukaliosha gari hili, akalipaka. Mimi nilishika kopo. Mchana kutwa. Nilimwambia bega la kushoto shusha kidogo, akashusha. Jioni tukaingia nalo mjini anaimba, na kila kijana wa kwetu aliyeliona alijua ni dume la nani." Aliigeukia gereji. "Nani amelichuna?"

Thiik alimtazama Semei. Ilikuwa nafasi nzuri ya kijana kulipa matusi yote ya wiki saba, na Semei alimwona akiipima. Lakini Thiik aliyarudisha macho kwenye boneti. Labda alikuwa anamwaza Nyandeng tu.

Semei aliona pia njia yake ya kutokea. Angeweza kusema rangi ilibanduka Kitale. Angeweza kusema kutu. Ingemtosha kutaja kutu, na nani pale angebisha na mtu mwenye vitabu?

"Mimi," alisema. "Siku kumi na moja. Nilidhani ni mtu aliyeiga magari ya mashindano. Kitabu kinasema lilitoka kiwandani jeupe."

"Ndama wote huzaliwa na maji, hawabaki hivyo," Mzee Akot alisema. "Kwa nini hukuniuliza? Nyumba yangu ni hapo."

Semei alilikumbuka lile neno lake la mchunga ng'ombe, akavua miwani. Upande wa pili wa ukuta, kikaango cha Aidah kilinyamaza kabisa. Alijua mkewe amesikia kila neno, na kwamba ataisikia habari hii mpaka azikwe.

"Naweza kuirudisha," alisema hatimaye. "Nitapima, nitachora, nitapiga kwa pampu. Jumanne litakuwa tayari, na hutaona hata alama ya..."

"Hapana. Wewe una mkono mzuri mno, utaniletea picha ya dume." Mzee Akot sasa alikubali kiti, akakigeuza kitazame ubavu wa kushoto wa gari. "Mwana ndiye atapaka. Sasa hivi. Mimi nitaonyesha, kama nilivyomwonyesha baba yake. Likikaa sawa, nitalijua, na mtamchukua msichana. Lisipokaa, malesh, poleni, nitarudi nyumbani."

Thiik alitazama shati lake la kwenda kanisani, akatazama gari. Alikunja mikono. Semei, bila kuombwa, aliingia ndani akatoa kopo la rangi nyeusi na brashi ya inchi tatu, ile ya kupakia milango, akampa. Hakumtazama usoni.

Ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu. Kijana alichovya mno. Rangi ikatiririka begani michirizi mitatu, nzi akaingia akakwama. Alipaka kwa kwenda na kurudi kama anayefagia, akaacha mawimbi, akasahau pembe, akarudia mahali palipoanza kukauka na kupachubua. Na chini ya kila pigo ilipotea ile rangi ya kiwandani, siku kumi na moja za vidole vya Semei. Mzee Akot aliashiria kwa fimbo. Shusha. Pandisha. Hapo iache. Shingo ipite mpaka hapa. Kila mara Thiik alipouliza kama inatosha, mzee alifumba macho kidogo, akafumbua, akasema, "Bado."

Semei alichukua kitambaa kufuta mchirizi mmoja uliokuwa unaelekea kwenye mlango.

"Acha," Mzee Akot alisema.

Akaacha. Walipofika kwenye doa la nyuma, jua lilikuwa kichwani na Thiik alikuwa mweusi mpaka kwenye viwiko. Mzee Akot aliinuka, akarudi nyuma hatua nyingi mpaka barabarani, ambako boda boda ililazimika kumkwepa. Alisimama pale kichwa upande. Kisha, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, alianza kuimba kwa lugha ya kwao, jina la Majak likijirudia. Thiik aliweka brashi chini akaketi mavumbini palepale.

Semei aliiokota brashi. Aliisafisha kwa thina, akaikamua, akazinyoosha nywele zake.

"Kijana," alisema, "brashi haishikwi kama kijiko cha uji. Siku ukipata mtoto wa kiume, njoo nikufundishe, nawe umfundishe."