Doa Juu ya Benchi la Tatu

Watu wa jimu walimpa jina la Bwana Ongeza, naye akalipokea kwa kucheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa cha meno tu. Kisa chake alikijua kila aliyewahi kushika chuma mle ndani. Fundi wa dari, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alilala kwenye benchi la tatu, akajitwisha uzito uliozidi kifua chake, halafu akamwambia rafiki yake aliyesimama nyuma aachie. Chuma kikamshukia na kano la bega la kulia likachanika. Kwa miezi minane hakuinua hata ndoo. Siku hizi kijana akianza kujitia ushujaa wenzake humwambia, "Angalia, utakuwa Bwana Ongeza."

Jumamosi moja asubuhi alikuwa anarudi jimuni. Mfukoni alikuwa na kadi ya mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja mfupi ambaye wagonjwa wake wote humwita Mama Polepole, na wala hakasiriki. Kadi aliiandika kwa mkono wake. Pasha mwili dakika kumi. Chuma kitupu, kilo ishirini, hakuna cha kuongeza. Inua mara kumi, pumzika, rudia. Maumivu yakipita tatu kwa kumi, acha. Kesho yake bega likiamka limenuna, rudi hatua moja nyuma. Chini kabisa aliandika jambo la mwisho na kulipigia mistari miwili: mtu asimame nyuma yako, tena mtu unayemwamini.

"Huyo wa kusimama unaye?" alikuwa amemuuliza.

"Ninaye, mama. Yuko hapo nje. Ndiye anayenileta kila Alhamisi."

Na kweli alikuwepo. Alikuwepo siku zote, ndiyo maana mambo yaliyofuata yaliuma namna ile. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini miaka kumi na moja walikuwa wakifanya mazoezi pamoja, kimo kimoja, kipara kimoja, mpaka watu wakamwita Pacha na jina lake halisi likasahaulika. Fundi alipolazwa, Pacha alileta matunda. Fundi alipofungwa mkono, Pacha alimfunga kamba za viatu. Kila Alhamisi alimpitia na gari kumpeleka kwa Mama Polepole, na siku ya kwanza mama alipouliza ajali ilitokeaje, Pacha ndiye aliyejibu. "Aliongeza uzito, akasema achia, mama. Mimi ningefanyaje?"

Fundi mwenyewe hakukumbuka kuongeza wala kusema neno hilo. Maumivu yalimfanya azimie, na akili iliporudi alikuwa sakafuni, watu wamemzunguka, Pacha akilia. Kitu pekee alichokumbuka ni dari. Juu ya benchi la tatu kulikuwa na doa la maji, la kahawia, lenye umbo la kiatu kisicho na kisigino. Bafu la ghorofa ya juu lilikuwa linavuja. Mara ngapi alimwambia mwenye jimu, "Siku moja nitakuja na ubao mmoja wa jipsamu nikutolee aibu hii." Siku ile ya ajali aliliona doa lote, kuanzia ncha mpaka nyuma, kisha giza.

Basi akaamini alichoambiwa. Kanuni yao ilikuwa ya maneno mawili tu: anayesimama anasema "Nashika," na aliyelala akitaka kujaribu peke yake anasema "Achia." Pacha alisema aliambiwa achia, na Pacha ni Pacha. Fundi hata alimwomba msamaha pale kitandani. Alimshika mkono kwa ule wa kushoto, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikutia hofu bure."

Ubaya ni kwamba kuanzia hapo alianza kujiogopa. Chuma hakukiogopa, alijiogopa yeye. Kazini alirudi mwezi wa sita baada ya ajali, lakini alibaki chini akipima na kutia alama mbao za jipsamu huku wengine wakipanda. Akishika ngazi tu, moyo unamwenda mbio: wewe ndiye usiyejua kipimo chako, leo utajiangusha tena. Fundi wa dari asiyepanda ngazi ni fundi wa nini? Mama Polepole alilijua hilo. Alimwambia bega limeshapona kuliko mwenye bega, na kwamba siku atakayolala kwenye benchi akainua kilo ishirini mara ishirini bila kujifanyia wazimu, ngazi nayo itapandika. Kwa hiyo Jumamosi ile haikuwa ya misuli. Alikwenda kutafuta kama bado anaweza kujiamini.

Mke wake alimsindikiza mpaka mlangoni. "Ukimaliza nipigie."

"Nitakupigia."

"Na usiongeze."

"Mke wangu, ni chuma kitupu."

"Ndiyo nasema, usiongeze. Nakujua."

Hata yeye alimjua hivyo. Fundi aliondoka ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Jimu ilikuwa na watu wachache. Akapasha mwili dakika kumi kwa saa, akizungusha mabega polepole kama alivyofundishwa. Pacha alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alifuta benchi kwa taulo lake mwenyewe, akakagua kulabu zinazoshikilia chuma, akatania, "Bwana Ongeza leo hana cha kuongeza." Fundi akacheka kile kicheko cha meno.

Akalala. Akakunja vidole kuzunguka chuma, baridi ileile ya zamani. Juu yake, kichwa chini, ulikuwa uso wa Pacha, kidevu na matundu ya pua, umeinama na kujaza macho yake yote.

"Nashika," Pacha alisema, mikono yake ikiwa chini ya chuma bila kukigusa.

Moja. Bega likalalamika kidogo, labda moja kwa kumi. Mbili. Tatu. Kufika ya nne alihisi machozi ya furaha yakimchokoza, akayameza. Tano ikapanda imenyooka. Sita. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na sauti haikutetemeka.

Kwenye ya saba, simu ya Pacha ikanguruma kwenye kingo ya dirisha.

Kidevu kikatoweka, na doa likajitokeza. Kiatu kisicho na kisigino, chote, kuanzia ncha mpaka nyuma.

Fundi alibaki na chuma juu, mikono imenyooka. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kutazama dari na kujua nini kinaonekana ukisimama wapi. Mtu anayekushikia chuma akiwa mahali pake, doa lile huwezi kuliona, kwa sababu kichwa chake kimelifunika. Ili ulione lote, lazima awe ameondoka. Siku ile aliliona lote.

Akakirudisha chuma kwenye kulabu, taratibu, kulia kisha kushoto. Akaketi. Pacha alikuwa dirishani, simu sikioni, na alipoona ametazamwa akaikata haraka.

"Mbona umeacha? Zimebaki tatu."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Siku gani?"

"Unaijua."

Pacha akajichekesha. "Nilikuwa hapo nyuma yako, bwana. Ulisema achia, nikaachia."

"Nikisema achia unatoa mikono. Hutoi miguu." Fundi aliinua kidole kuelekea darini. "Nililiona lile doa lote. Ukiwa umesimama hapo silioni. Mimi ni fundi wa dari, Pacha, usinidanganye kwa dari."

Pacha alitazama juu, akalitazama doa muda mrefu kana kwamba lingemtetea. Kisha mabega yakamwanguka.

"Ilikuwa simu," alisema. "Mtandao ulikuwa unakatika, nikasogea dirishani. Uzito ulikuwa wako wa siku zote, hukuongeza kitu; nilidhani utaziweza mbili zilizobaki. Niligeuka nikaona chuma kiko kifuani."

"Nani alipiga?"

"Shemeji yangu, kaka wa mke wangu."

"Kulikuwa na msiba? Mgonjwa?"

Pacha akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anauliza sofa ipite mlango wa mbele au wa nyuma."

Fundi alitaka kucheka na kicheko hakikuja. Damu ilimchemka mpaka masikioni. Sofa! Miezi minane mkono ukilala begani kwa mke ili avishwe shati, jina la Bwana Ongeza, ngazi aliyoiogopa kama nyoka, msamaha aliouomba. Ule msamaha ndio uliomchoma kuliko vyote. Huyu mtu aliupokea. Alimshika mkono na kuupokea, akasema yamekwisha ndugu yangu.

"Nilibeba aibu yako mimi," Fundi alisema. "Nilikuomba radhi, na wewe ukakubali."

"Niliogopa. Na kadiri siku zilivyopita ikawa ngumu kusema. Ndiyo maana nikawa nakupeleka kila Alhamisi. Nilijiambia nitalipa hivyo."

"Ungelipa kwa kusema neno moja."

Fundi akasimama, akaonyesha benchi. "Lala."

"Nini?"

"Nimesema lala."

Pacha akalala. Fundi akaenda nyuma, akainama, akaweka mikono yake chini ya chuma. "Nashika."

"Ni kilo ishirini tu, hazihitaji mtu," Pacha alinong'ona.

"Na zangu leo zilikuwa ishirini. Inua."

Mtu aliyezoea kilo themanini aliinua chuma kitupu taratibu. Moja. Mbili. Hakutazama chuma, alimtazama Fundi usoni, kichwa chini, machozi yakimteremka kuelekea masikioni. Kwenye ya tano simu ya Fundi ikalia ndani ya begi. Ililia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Alijua ni mke wake. Hakusogea hata unyayo. Sita. Saba. Akahesabu mpaka kumi, akakisindikiza chuma mpaka kilipokaa kwenye kulabu zake.

"Hivyo ndivyo mtu anavyoshikwa," alisema.

Pacha alibaki amelala, mikono usoni. Fundi akachukua begi, akafika mlangoni, akageuka.

"Alhamisi usinipitie."

Nje alimpigia mke wake. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Mbona hupokei? Umeongeza, eh?"

"Sijaongeza," alisema. "Mke wangu, hata siku ile sikuongeza."