Chumvi Kavu

Mume wangu Castory anafundisha kemia, na tangu tuoane hajawahi kuniacha nipike kwa amani. Nikitia chumvi kwenye maharage, yeye yuko mlangoni na somo lake: humo kuna sodiamu, ambayo peke yake ukiitupa kwenye maji inalipuka, na klorini, ambayo peke yake ukiivuta inakuunguza mapafu, lakini zikioana, Mama Cynthia, zinatulia mpaka unazila. Namjibu kwamba sisi tulioana na bado hatujatulia. Nauza chumvi kwa jumla hapa Kigali, kwenye makutano ya Sonatubes, chumvi ya kwetu Uvinza, Tanzania, na sihitaji mtu anieleze kilichomo ndani yake.

Majirani nao walishamchoka. Wakimwona anakuja, kila mtu anakumbuka simu yake. Ndiyo maana siku ile alipopiga kelele hakuna aliyemsikiliza.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika punde. Castory alikuwa amepitia dukani kutoka shuleni. Mkabala na duka langu ni gereji ya Valens, na chumba chake cha mwisho kimechimbwa ndani ya kilima: mlango mmoja, dirisha hakuna. Humo ndimo alimofanyia kazi Régis, mtoto wa pekee wa Illuminée, mama anayeuza chai pale nje. Régis alikuwa akikata kwa mashine makasha ya giaboksi kuukuu, akidhani ni alumini kwa vile ni mepesi. Unga na vipande alivisukumia mlangoni, vikawa lundo. Cheche zikaangukia kwenye lundo.

Niliona mwanga mweupe, mweupe kuliko wa fundi wa kuchomelea, ukipiga mpaka kwenye ukuta wa duka langu. Kisha nikasikia sauti ya Régis kutoka nyuma ya moto, akimwita mama yake.

Kigali jirani hasubiri kuombwa. Mtu akipatwa, watu hukimbia na walichonacho, na karibu kila mtu ana jerikani. Kufumba na kufumbua, mstari ulishapangwa kutoka bombani mpaka mlangoni, majerikani ya njano yakipita mkono kwa mkono. Kijana wa mbele akatangulia kurusha beseni moja la maji. Moto ukaruka mpaka kwenye bati la paa, vipande vyeupe vikatawanyika, watu wakarudi nyuma wakijifunika nyuso. Ndani Régis akapiga yowe nisilopenda kulikumbuka.

"Msimwage maji!" Castory alikuwa tayari amesimama mbele ya mlango, mikono ameitanua. "Hiyo si alumini, ni magnesiamu! Inayanyang'anya maji oksijeni, inaacha hidrojeni, na hidrojeni nayo inawaka! Mnauchochea!"

"Mwarimu, toka kwa njia!" Valens akamkamata ukosi wa shati. "Maji kidogo ndiyo inafanya hivyo. Tunamwaga yote mara moja, inakufa."

"Atakayekufa ni Régis!"

Illuminée akapasua watu. Alikuwa amekumbatia jerikani iliyojaa pomoni, maji yakimchuruzikia kifuani. "Mwarimu, mtoto yangu iko ndani. Iko ananiita. Wewe sasa unanifundisha nini? Mana yanjye, Mungu wangu, toka!"

Niliona aibu, na niliogopa. Zimamoto walishapigiwa simu, lakini foleni ya makutano yetu saa zile haimjui mtu. Ikiwa Castory amekosea, Régis atakufa kwa sababu ya mdomo wa mume wangu, nami nitaendelea kununua chai kwa mama yake.

Castory hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. "Mama Cynthia. Chumvi."

"Si kuna mchanga hapo!"

"Umelowa. Chumvi haina oksijeni ya kuibiwa. Itaufunika moto, ukose hewa. Lakini iwe kavu kabisa. Ikiwa na unyevu, ni sawa na maji."

Mwanamume huyu tumebishana juu ya bei, juu ya ndugu zake, juu ya rangi ya mapazia. Lakini kuhusu vitu vilivyoumbwa sijawahi kumkamata na uongo hata mmoja, na Mungu anajua nimejaribu.

"Illuminée," nikasema, "nivumilie nikalete magunia. Nakuomba."

Hakuiweka chini jerikani. Ila aligeuka akampa Valens mgongo, akasimama, na mama alipokuwa amesimama, nani angethubutu kumpita? Mstari wote ukasimama naye.

Nikaingia dukani mbio. Gunia la kwanza nilishaliinua begani kwa Valens, aliyenifuata akinung'unika kama tunakwenda kupika, ndipo nikakumbuka. Chumvi hunywa mvua. Nikalishusha, nikatoboa, nikachota, nikafumba ngumi na kuifumbua. Ikabaki donge. Gunia la pili, donge. Nikasahau hata mahali nilipopanga mali yangu mwenyewe. Nikapanda juu ya magunia ya nyuma, yale yaliyokaa juu ya mbao, nikachota. Ikateleza kati ya vidole kama unga.

"Hizi! Hizi tu! Hizo za mbele usiziguse!"

"Usirushe," Castory alimwambia Valens, koleo mkononi. "Mimina taratibu, anzia pembeni. Na msiutazame mwanga."

Moto haukupenda. Ulitoa vimacho vyeupe kila chumvi ilipoachia nafasi, nao wakavifukia, vikaibuka kwingine, wakavifukia tena. Mweupe ukawa wa manjano, kisha wa chungwa. Katikati ya kazi hiyo sauti ya Régis ikakatika.

"Amenyamaza!" Illuminée akainua jerikani. "Amenyamaza, mwarimu!"

Nilimshika kiuno. Ana nguvu kuliko mimi, akaniburuta hatua kwa hatua mpaka joto likaniunguza mashavu, nami sikumwachia, na nilikuwa nikilia kwa sababu sikujua kama namsaidia au namzuia mama asimwokoe mwanawe. Castory hakugeuka. Alimimina gunia la mwisho kwa mikono miwili, akasubiri, akainama kutazama.

"Sasa! Mlango wa mbao, ulaze juu!"

Valens akaunyakua mlango mbovu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautupa juu ya ile chumvi iliyoganda, akapita juu yake, akapotelea kwenye moshi. Alirudi na Régis begani. Mkono mmoja wa kijana ulikuwa umeungua mpaka kiwikoni, uso mweusi, lakini anakohoa. Sijawahi kusikia kikohozi kitamu namna ile.

Walimlaza chini. Akafumbua macho, akamtafuta mama yake.

"Mama. Maji."

Illuminée alikuwa bado ameikumbatia ile jerikani. Hakusogea. Alimtazama mwanawe, akamtazama Castory, na maji yakawa yanagonga ndani ya plastiki.

"Mwarimu," akauliza, "nimpe?"

Mume wangu, ambaye kinywa chake hakijawahi kukosa neno, alipiga magoti, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Illuminée, wakaiinamisha pamoja, kwanza kwenye midomo ya kijana, kisha kwenye mkono ulioungua.