Chini ya Kiti Hapajafagiliwa

"Hivi dada, lile sanamu la hekaluni, ukitaka kufagia chini yake unalishika wapi?"

Muuza sabuni aliuliza swali hilo asubuhi moja uani, huku akikata mche wa sabuni kwa waya. Mjane, ambaye alikuwa akianika matambara yake ya kazi, alifikiri kidogo. Swali la kazi lilistahili jibu la kazi.

"Kiunoni," akasema. "Kama mtoto unayemvika nguo. Ukilivuta mikono utaing'oa."

"Na halikulemei?"

"Linilemee nini? Jepesi kama kapu tupu."

Muuza sabuni akaguna, akafunga vipande vyake, akaenda sokoni na sabuni na jibu. Ilipofika Jumapili, jibu lilikuwa limemfikia mwenyekiti wa wazee wa kanisa, tena likiwa limenenepa njiani: mjane hulikumbatia sanamu, na nyumbani huisalimu picha ya marehemu mumewe kila alfajiri.

La picha lilikuwa kweli. Aliisalimu, kisha akaipangusa.

Kazi yake ilikuwa kufagia. Jumatatu hekalu, Alhamisi msikiti upande wa wanawake, Jumamosi kanisa lake mwenyewe, na siku zilizobaki ngazi na korido za nyumba waliyopanga yeye, muuza sabuni na wengine. Mama yake alikuwa amemfundisha jambo moja kuhusu ufagio, naye hakuliacha hata siku za homa: hufagii kwa kukizunguka kitu. Kitu kinainuliwa, chini panafagiliwa, kitu kinarudishwa mahali pake. Ndiyo maana wafagiaji wa namna yake walikuwa wa kwanza kujua kwamba vitu vinavyoabudiwa vimeanza kuwa vizito.

Halikutangazwa popote. Ilikuwa tu kwamba kitu kinachomsaidia mtu kukumbuka kilibaki na uzito wake, au kilipungua kidogo, na kitu ambacho mtu amekipa moyo wake wote kililemea. Hekaluni sanamu liliinuka kwa mkono mmoja, lakini ubao wenye majina ya wafadhili ulitaka wanaume wawili na kamba. Msikitini mikeka na vitabu vilikuwa kama siku zote, ila kipaza sauti ambacho wazee wawili walikuwa wakikigombea hakikubanduka dirishani. Chini ya ngazi aliishi babu mmoja aliyemwagia jiwe maji kila asubuhi kwa ajili ya wazazi wake waliotangulia. Mjane alipofika na ufagio, babu alilisogeza jiwe kwa kidole cha mguu.

"Mtuwie radhi, tunafagiliwa," akaliambia.

Mjane hakupendezwa na yote aliyoyaona. Alikuwa na Mungu mmoja na alimtosha. Lakini mgongo wake haukujua dhehebu, nao ndio uliompa habari.

Kanisani msalaba wa mbao ulikuwa mwepesi. Kilichomtesa ni kiti. Mumewe, aliyekuwa seremala, alikitengeneza mchana mmoja kwa mabaki ya mbao za mabenchi, ili mtu wa kubadilisha taa apate pa kusimamia. Mwanzilishi wa kanisa alikikalia mara moja, akifunga kamba za viatu. Juma lililofuata alifariki. Kiti kikavikwa kitambaa chekundu, kikawekwa mbele, na hakuna aliyekikalia tena wala kupita mbele yake bila kuinama. Sasa miguu yake ilikuwa imezama vidole vitatu katika sakafu ya saruji, na vumbi la miaka kumi na moja lilikuwa chini yake. Mjane alikuwa amelitolea taarifa mara nne. Mara zote aliambiwa afagie pembeni.

Barua ya wito kutoka kwa wazee wa kanisa ilisema aje Jumamosi saa tisa, alete picha ya marehemu, alete na karatasi ya nafasi ya kaburi.

Karatasi hiyo alipewa na kanisa siku mumewe alipozikwa nyuma ya ukuta, kwa shukrani ya mabenchi yote aliyoyatengeneza. Ilisema kwamba nafasi iliyo upande wa kushoto wa marehemu ni ya mkewe. Hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani. Wanawe walikuwa mbali, macho yalikuwa yakififia, lakini alijua atakapolala. Kila usiku, akimaliza kusali, aliifungua karatasi, akaisoma jina kwa jina, akaikunja.

Tangu mwezi uliopita sanduku chini ya kitanda lilikuwa halisogei. Alitoa nguo, likakataa. Alitoa Biblia, ikawa na uzito wa Biblia. Alitoa picha, nyepesi kama jani. Alipoishika karatasi, mkono ulibaki pale pale. Alikaa sakafuni muda mrefu. Alijisikia kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu mfukoni. Akatubu kwa maneno yote aliyoyajua, akajaribu tena, na karatasi haikupungua hata kidogo. Hilo lilimuudhi kuliko dhambi yenyewe.

Siku ya wito alimwita mchukuzi wa mkokoteni, mzee mwenye mvi na mabega mapana. Ilibidi aite wenzake wawili kuiteremsha karatasi ngazi. Barabarani aliivuta peke yake akihema.

"Mama, umeandikiwa nini humu?"

"Mahali pa kulala."

"Basi ni pazuri," akasema mchukuzi, akafuta jasho.

Wazee watano walikaa nyuma ya meza, mwenyekiti katikati. Alikuwa rafiki wa marehemu na alimwita mjane shemeji. Muuza sabuni alikaa benchi la pili kama shahidi, mikono mapajani.

"Shemeji," mwenyekiti akaanza, "nyumba hii haina sanamu, haijapata kuwa na sanamu. Tunasikia wewe unabeba masanamu ya watu."

"Nafagia chini yake, mzee."

"Si ungefagia pembeni?"

"Huko si kufagia."

Katibu akaipima picha kiganjani, akampa aliyefuata, ikazunguka meza yote. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba pumzi ya mzee mmoja aliyekuwa na mafua iliipeperusha. Mwenyekiti hakufurahi.

"Karatasi?"

Mkokoteni ukaingizwa hadi mbele, mchukuzi na wazee wakaiinua karatasi kwa kusaidiana hadi mezani. Mguu mmoja wa meza ukapasuka. Wazee wakatazamana kama watu walioletewa chai waliyokuwa wakiingoja.

"Haya. Eleza."

"Nimeiomba karatasi hii kuliko nilivyomwomba Mungu," mjane akasema. "Sikujua. Nilipojua nilitubu, na bado ni nzito. Nimekuja mnisaidie."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri. Na kiti je?"

Muuza sabuni akakohoa. Mzee mwenye mafua akatazama viatu vyake.

"Kiti hakimo kwenye ajenda," katibu akasema.

"Kimezama vidole vitatu."

"Sakafu ni mbovu," mwenyekiti akajibu. "Tumeshaagiza saruji."

"Kiinueni basi, mnioneshe."

"Kiti kile hakiinuliwi, shemeji. Kina heshima yake."

Mchukuzi, aliyekuwa akipumzika kwenye mkokoteni, akasema kwa kuwa yupo anaweza kujaribu bure. Kabla hajajibiwa alitemea viganja mate, akakumbatia kiti, akakaza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kitambaa chekundu kikateleza upande mmoja, kiti kisitikisike.

"Heri karatasi," akasema, akarudi kukaa.

Katibu aliinuka haraka, akainama mbele ya kiti, akakitengeneza kitambaa, akainama tena. Hakuna aliyeona ajabu. Muuza sabuni naye aliinama pale pale alipokaa, kwa mazoea.

"Jamani," mjane akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza, "aliyekitengeneza ni mume wangu! Ni cha kubadilishia taa! Mimi nilikuwepo, nilimshikia misumari!"

"Usimkufuru marehemu Mwanzilishi."

"Nimesema misumari. Sijasema Mwanzilishi."

Wazee wakanong'ona. Hawakunong'ona sana. Mwenyekiti akasoma kwamba muumini aliyekutwa akiabudu kitu hawezi kulala katika ardhi ya waabudu Mungu, na kwamba nafasi ya kushoto inarudi kwa kanisa. Haikuwezekana kuiinua karatasi ili iingie kwenye faili, hivyo katibu aliinama juu yake pale ilipolala, akaweka rula, akalikata jina la mjane kwa mstari mmoja ulionyooka.

Kisha akaishika karatasi kwa vidole viwili, akaitia kwenye faili. Ilikuwa karatasi ya kawaida.

Mjane aliona. Aliangalia vidole vya katibu, akaangalia meza iliyopasuka mguu, akaangalia miguu ya kiti ndani ya saruji. Nje mchukuzi alikuwa akigeuza mkokoteni wake mtupu.

Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala fupi. Halafu, kwa sauti ya upole ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, akasema, "Leo kuna vumbi la watu wengi humu, shemeji. Ufagio uko pale pale. Chini ya kiti usijisumbue, fagia pembeni tu."

Mjane akaitia picha ya mumewe kwapani, akatoka.