Mbunge wa Corliss na Kifungu cha Tisa

Orrin Thrasher alikuwa wakili kwa miaka thelathini na minane, na kati ya hiyo, miaka kumi na minane alikuwa pia mbunge wa mji wetu wa Corliss katika Bunge la jimbo la Vermont. Mimi, Winifred Stoddart, nilikuwa mpiga chapa wake kuanzia mwaka 1928 hadi alipofariki. Barua zake zote zilipita mikononi mwangu, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia kwa watu.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, mtoto wa nne kati ya saba. Hakwenda chuo cha sheria. Alisomea ndani ya ofisi ya wakili mzee hapa mjini, akifagia sakafu, akiwasha jiko na kunakili hati, mpaka akafaulu mtihani wa mawakili. Alikuwa mrefu, mwembamba, si mcheshi. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa akisikiliza mpaka mwisho, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amelewa.

Corliss ni mji wa mawe. Milimani kuna machimbo ya matale, mawe magumu ya kijivu, na bondeni kuna karakana ambamo mawe hayo huchongwa kuwa mawe ya makaburi na nguzo. Wachongaji walikuwa Waskoti, kama baba yangu, na Waitalia. Nyundo za mashine zinazoendeshwa kwa upepo zilipoletwa, kazi ikaenda mbio na vumbi likawa zito. Wachongaji wakaanza kukohoa. Baba alikufa mwaka 1934, ana miaka arobaini na tisa.

Bunge lilikuwa likikaa mara moja kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari mpaka theluji iyeyuke na barabara zigeuke tope. Wabunge wengi walikuwa wafugaji. Waliojua kuandika sheria walikuwa wachache, na Bwana Thrasher alikuwa mmoja wao. Mwaka 1937 aliandika muswada wa kuwalipa fidia wagonjwa wa vumbi. Kabla ya hapo aliyeugua alikuwa hapati chochote.

Wenye karakana waliupinga. Msemaji wao alikuwa Lyman Prouty, mtu mnene mwenye sauti ya upole, mwenye karakana kubwa kuliko zote pale mjini. Alikuja ofisini siku ya Jumamosi akaketi bila kuvua koti.

"Orrin, fidia tutaikubali," alisema. "Lakini tupe ukomo. Mtu ameacha kazi kwangu, kaenda zake, miaka kumi baadaye anakohoa, anakuja kwangu? Nitajuaje alivuta vumbi la nani?"

"Unataka ukomo gani?"

"Mwaka mmoja tangu siku aliyoacha kazi. Usipouweka, watu wangu hawaupigii kura, na wewe unajua hesabu ya kura zako."

Alikuwa anaijua. Wiki hiyo hiyo ilikuja barua ya Daktari Averill, mganga wa hospitali ya kifua pale kilimani, ambaye Bwana Thrasher alikuwa amemwomba ushauri. Daktari aliandika kwamba ugonjwa huu hujificha; mtu huweza kuacha vumbi leo akaanza kuumwa baada ya miaka mitatu, minne, hata kumi. Ukomo wa mwaka mmoja, aliandika, utawafungia mlango karibu nusu ya wagonjwa.

Bwana Thrasher aliisoma mara mbili. Kisha akanitamkia jibu fupi la kumshukuru daktari kwa maoni yake, nikalichapa. Ukomo wa mwaka mmoja ukawa kifungu cha tisa, na muswada ukapita.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, Winnie," aliniambia. Barua niliiweka kwenye faili.

Miaka tisa ikapita. Alichaguliwa tena na tena. Aliandika sheria za madaraja, za mipaka ya mashamba, za walimu.

Oktoba ya 1946 aliingia ofisini mjane mmoja, Ersilia Bottinelli, aliyekuwa akipangisha vyumba na kuwapikia wachongaji wasio na wake. Alikuwa mfupi, mikono imekomaa kwa kukoroga sima ya mahindi kwenye masufuria makubwa. Mumewe, Attilio, alikuwa mchonga maua, yule ambaye waridi lake la jiwe ungetaka kulinusa. Aliacha karakana ya Prouty mwaka 1941 akawa mlinzi wa shule. Kikohozi kilianza miaka mitatu baadaye. Alikufa mwezi Agosti.

"Nimekwenda kwa Prouty," mama yule alisema. "Karani wake kaniambia nimechelewa. Nimechelewa nini? Mume wangu nimemzika juzi."

Bwana Thrasher aliuliza tarehe, akaziandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Bi Bottinelli, sheria inampa mtu mwaka mmoja tangu aache kazi. Bwana Attilio alikuwa hajaanza hata kukohoa."

"Sasa mjinga gani kaandika sheria hiyo?"

"Mimi."

Mama alimtazama, akanigeukia mimi kana kwamba nitakanusha, akamrudia yeye.

"Attilio akikosea pigo moja, jiwe limekwisha, hakuna dawa," alisema. "Wewe umekosea kwenye karatasi. Futa, uandike tena."

"Si rahisi hivyo, mama."

"Rahisi nimesema mimi? Ningetaka rahisi ningekuja kwako?"

Bwana Thrasher alichukua kesi ile bila malipo. Ilisikilizwa Desemba, katika mahakama ya wilaya. Alidai kwamba mwaka ule mmoja uhesabiwe tangu siku mgonjwa alipojua anaumwa. Wakili wa upande wa pili, kijana aliyevaa vizuri, hakuhangaika kutafuta hoja. Alifungua kumbukumbu za Bunge akasoma maneno ya mbunge wa Corliss mwenyewe mwaka 1937: mwaka mmoja tangu kuacha kazi, bila shaka wala utata.

Jaji alishusha miwani. "Bwana Thrasher, unaiambia mahakama kwamba aliyeandika sheria hii hakujua anachokiandika?"

"Alijua, Mheshimiwa. Ndilo tatizo lake."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Jaji alisema moyo wake uko kwa mjane lakini maneno ya sheria yako wazi, na kesi ikatupwa. Bi Bottinelli alifunga kitambaa chake kichwani akatoka.

Januari Bunge likafunguliwa. Bwana Thrasher alileta muswada wa mstari mmoja: mwaka uhesabiwe tangu mgonjwa aambiwe na daktari. Prouty hakuwa mbunge, lakini watu wake walikuwemo. Hawakuupinga waziwazi. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba mwaka 1937 hakuna aliyejua tabia ya ugonjwa huu, kwamba Bunge lilitenda kwa nia njema, na sasa iundwe kamati ya kuchunguza, ilete taarifa baada ya miaka miwili. Lilikuwa pendekezo la adabu, na wafugaji walianza kutikisa vichwa kukubali. Kura zikaahirishwa hadi Alhamisi.

Jumatano asubuhi Bwana Thrasher alikuja ofisini kabla sijavua viatu vya theluji.

"Winnie, ile barua ya Averill ipo?"

"Barua zote zipo."

Akaangalia jiko. Nikasema, "Naweza kuipoteza."

"Umekuwa na miaka kumi ya kuipoteza."

"Ningeipotezaje? Baba yangu mwenyewe alikufa kwa vumbi lile."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo mbele yake. Alikuwa akilijua, maana alikuja mazikoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, si chake.

"Ulipochapa lile jibu, ulinionaje?"

"Niliona una haraka," nilisema. "Na mimi nilichapa."

Nikampa barua.

Alhamisi nilikwenda Bungeni nikakaa roshani ya wageni. Bi Bottinelli alikuwa amekaa safu ya mbele na wapangaji wake wawili wamevaa suti za kanisani. Bwana Thrasher aliposimama alisema kwamba waheshimiwa wamesikia mwaka 1937 hakuna aliyejua, naye angependa kuwasomea barua. Akaisoma yote, pamoja na tarehe. Kisha akasoma jibu lake.

"Kwa hiyo hakuna cha kuchunguza," alisema. "Mtu mmoja alijua. Niliwaficha ninyi kwa sababu nilitaka muswada upite. Kamati haihitaji miaka miwili kugundua nilichokiweka kwenye faili."

Mfugaji mmoja mzee wa kaskazini, ambaye nadhani hakuwahi kusema lolote bungeni, aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo tulipiga kura gizani?"

"Ndiyo, bwana. Taa nilikuwa nayo mimi."

Muswada ulipita kwa kura tisa zaidi. Lakini uliwahusu watakaougua kuanzia siku hiyo; sheria hairudi nyuma kuwafufulia waliokwisha kukataliwa haki yao. Attilio hakuwemo. Bwana Thrasher alipanda roshani kumweleza mjane jambo hilo mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi sipati kitu," alisema mama.

"Hupati."

"Na ulikuwa unajua tangu mwanzo. Siku ile nimekaa kwenye kiti chako nauliza nimechelewa nini, unajua."

"Nilikuwa najua."

Mama alisimama. Nilidhani atampiga. "Afadhali ungekuwa mjinga," akasema, akawaita wapangaji wake wakaondoka.

Uchaguzi uliofuata, mwaka 1948, Bwana Thrasher alishindwa vibaya. Wenye karakana walimnyima kura kwa kuibadili sheria, na wachongaji walimnyima kwa ile barua. Aliyemshinda alikuwa muuza mashine za kukamulia ng'ombe. Usiku ule matokeo yalipotangazwa ukumbi wa mji, alimpa mkono mshindi, akasaidia kupanga viti, akaenda kulala. Kesho yake saa mbili alikuwa ofisini ananitamkia wosia wa mtu.

Wa kwanza kulipwa chini ya sheria mpya alikuwa mmoja wa wale wapangaji wawili wa Bi Bottinelli, mwaka 1951. Baada yake walifuata wengine, na wengi walipitia ofisini kwetu. Baadhi yao hawakumsalimia Bwana Thrasher. Waliweka karatasi zao mezani kwangu, wakajibu maswali yake huku wananitazama mimi. Alizifanya kesi zao vilevile.

Alifariki mwezi wa Machi 1959, katikati ya kesi ya ua wa mpaka kati ya ndugu wawili. Kanisa lilijaa nusu. Prouty alikuja, ameshazeeka, anatembelea fimbo. Binti yake Bi Bottinelli alikuja pia, akaketi nyuma. Nilimuuliza mama yake hajambo.

"Hajambo," alisema. "Amebaki nyumbani. Wapangaji lazima wale saa sita."