Somo la Saba

Kaka yangu Gaudiosus alikufa siku ya Alhamisi, Januari 1989, kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa uani nageuza maharage juani. Mama alitoka mlangoni, hakupiga kelele. Alisema tu, "Evangelina, acha maharage." Nikayaacha. Jioni mvua iliyanyeshea yote na hakuna aliyeyaokota.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani pale Nyaishozi. Ugonjwa wake tuliufahamu, lakini miaka ile hatukuutaja. Tulisema kifua.

Miaka miwili kabla ya hapo, Henrik, Mzungu wa Denmaki aliyekuwa akichimba visima kwetu, alirudi kwao. Alimwachia Gaudiosus kinanda cha mdomo, pamoja na ahadi ya masomo kumi na mawili kwa njia ya posta. Masharti yalikuwa magumu kama ya shule. Henrik alituma somo kwenye kaseti. Gaudiosus alijifunza, akajirekodi upande wa pili, akairudisha. Henrik akiridhika, somo linalofuata lilikuja. Asiporidhika, lilelile lilirudi.

Somo la kwanza lilikuwa kupuliza tundu moja bila kugusa la jirani. Lilimchukua wiki sita. Mama alikuwa akipita na kikapu cha ndizi na kusema, "Gaudiosus, huo muhindi wa chuma hauishi tu?"

"Bado una punje, Mama."

Somo la tatu ndilo lililoeleza muziki wenyewe. Henrik alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba unaitwa bluzi, kwamba uliimbwa na watu weusi wa Amerika waliolima mashamba ya wengine. Mbonimpa, aliyekuja kutoka Burundi na kutulimia kibanja, shamba letu la migomba, alisimama na jembe begani akasikiliza hadi mwisho.

"Basi hao ni ndugu zangu," alisema. "Waulize kama wanapewa chakula cha mchana."

Kisha Henrik akasema jambo ambalo Gaudiosus alilirudia kila siku: "Usipulize sana. Vuta. Bluzi inakaa katika kuvuta." Ukivuta pumzi vizuri kwenye tundu la pili, huku ukishusha ulimi, sauti inapinda na kuteremka kama ya mtu anayeanza kulia kisha akajizuia. Kwa Gaudiosus, kuvuta ndiyo kazi iliyokuwa ikimshinda. Kupuliza aliweza hadi mwisho. Akivuta alikohoa.

Somo la saba lilikuwa kupiga wimbo mzima peke yake, vipande kumi na viwili bila kusimama. Alilijaribu tangu Septemba. Jumapili ya mwisho aliniita chumbani, akaegemea mto, akanipa redio kaseti nimshikie karibu.

"Gonga mguu polepole," alisema. "Na wewe usikohoe. Nitakohoa mimi kwa niaba ya ukoo."

Alipiga vipande vyote kumi na viwili. Mahali fulani alichelewa, nikadhani ameishiwa, kumbe alikuwa anavuta. Alipomaliza nilibonyeza kitufe, ndipo akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu. "Ipeleke posta kesho."

Kesho yake sikwenda. Maharage yalikuwa uani na mawingu yalikuwa mazito. Nilisema nitakwenda Alhamisi na gari la usharika. Kaseti ikabaki ndani ya redio.

Kwetu mtu akizikwa huku ndugu yake wa damu yuko mbali, lazima asikie alivyozikwa. Zamani alitumwa mtu wa kumsimulia. Miaka ile ilikuwa kaseti. Dada yetu Jovitha alikuwa Tabora, mjamzito, hakuweza kusafiri. Kwa hiyo Baba mdogo Polikarpi aliingia chumbani kwa marehemu, akachukua redio, akaiweka juu ya kiti kando ya kaburi katikati ya migomba, akarudisha utepe mwanzo, akabonyeza vitufe viwili. Akarekodi kwaya, mahubiri, salamu za mafundi cherehani, na udongo ukishuka. Nilikuwepo. Niliona redio juu ya kiti na sikuwaza kitu.

Siku nne za matanga jembe halikuguswa. Siku ya tano, nyasi tulizolalia waombolezaji zilipokwisha kuondolewa sakafuni, niliitafuta kaseti nimsikilize. Redio ilikuwa tupu. Nilikwenda kwa Baba mdogo.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ya Jovitha imeshaondoka na gari la jana! Imeingia vizuri, hata mama yako akilia anasikika."

"Kaseti uliyorekodia ilikuwa na kitu."

"Na nini? Niliikuta ndani ya redio, haina hata jina."

"Ilikuwa na Gaudiosus."

Alikaa kwenye kigoda. Akasema, "Ungeniambia, ningerekodi hata juu ya mahubiri ya askofu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje, Evangelina? Nilipoingia kuichukua ulikuwa umelala chini, kanga usoni."

Ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba kama ningekwenda posta siku ile ya Jumatatu, asingeikuta.

Nilimwandikia Jovitha. Alijibu kwamba ameisikiliza pande zote mbili: upande mmoja Henrik anafundisha, upande mwingine ni mazishi hadi utepe unakwisha. Kaka hayumo.

Nikamwandikia Henrik. Nilimweleza kifo, nikamwomba anirudishie kaseti zozote alizonazo, hata ya somo la kwanza. Nilitaka kumsikia tu, akikosea.

Jibu lilikuja mwezi wa Mei, bahasha nene. Henrik aliandika kwamba amelia. Aliandika kwamba hana hata kaseti moja: ilikuwa ileile moja ikienda na kurudi, na kila mara alirekodi somo jipya juu ya majibu ya zamani. Hakujua kwamba yangehitajika. Lakini alikuwa na daftari alimoandika kila jibu alilosikia, na alikuwa amezitafsiri kurasa hizo kwa mkono wake.

*Somo la pili: mdomo umekaza mno. Nyuma kuna jogoo.*

*Somo la nne: anacheka katikati. Kuna mama anasema jambo juu ya mahindi.*

*Somo la sita: anachelewa kuvuta kwenye kipande cha tisa. Mara zote tatu. Nilitaka kumsahihisha, nimeacha. Ni mtindo wake.*

Nilisoma ukurasa huo nimesimama nje ya posta. Nilikumbuka mahali pale nilipodhani ameishiwa, mguu wangu ukigonga.

Kinanda kilikuwa kwenye droo ya cherehani. Nilikisafisha kwa kitambaa. Nilimwandikia Henrik anitumie somo la kwanza, kwa jina langu. Mama hasemi tena habari ya muhindi. Akinisikia anatoka, anakwenda kuketi migombani mpaka nimalize.

Sasa ni Novemba 1990, niko somo la saba. Henrik amelirudisha mara mbili. Anasema kipande cha tisa nachelewa kwa makusudi, na inasikika. Jumatatu nitajirekodi tena, na Jumatatu hiyohiyo nitaipeleka posta.