Petali Moja

Uzi wa rangi ya dhahabu ulikuwa umeshapita kwenye tundu la sindano. Achola alitaka mishono mitatu tu, pale kwenye ua lililopungukiwa petali moja, basi. Nani angejua?

Lo, angejua kila mtu! Kombewa nzima, nguo yenye dhahabu kwenye pindo ilishonwa na Achola, na mwenyewe alijivunia ajabu. Lakini Caren, aliyemletea mfarishi huu wa viraka, alikuwa amemsihi kwa machozi. Mama yake, Beldina, aliviunga viraka vyote kwa mkono na kuvitarizi maua, hadi kiharusi kilipoulegeza mkono wake wa kulia. Tangu siku hiyo hakutaka hata kuiona sindano.

"Ushikanishe na pamba na kitambaa cha chini, dada, lakini mkono wako usionekane. Akiona wa mtu mwingine, atasema wake tumeshauzika."

Ndiyo maana Achola alikwenda Kisumu kununua uzi usioonekana, nailoni nyembamba kama unywele. Uzi gani huo! Ulikatika, ukajikunja, ukamtoa jasho. Obiero, muuza samaki wa kibanda cha pili, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama, unashona au unatega ngege ziwani? Maafisa wa uvuvi wakikukuta na nailoni hiyo ya nyavu haramu, utakiona cha mtema kuni!"

Achola alilegeza mkazo wa cherehani, akaweka sindano nyembamba, akatia uzi wa pamba chini, akashona polepole. Mfarishi ukashikana, ukatuna vizuri, na mishono iliyoonekana ikawa ya Beldina peke yake, mikubwa kwa midogo. Kazi ya siku nne, na Achola hayumo! Ilimuuma, tusidanganyane.

Sasa aliitazama ile dhahabu kwenye sindano. Akasonya, akaichomoa, akaitupia mkobani.

Jumapili, nyumbani kwa Beldina huko Kisian, mama huyo aliukagua mfarishi kimya, kiraka baada ya kiraka, akiutafuta mkono wa mgeni. Caren alibana pumzi. Kidole cha kushoto kikasimama juu ya lile ua lenye pengo.

"Hili mbona mmeliacha?"

"Si letu, Mama," Achola alijibu.

Beldina akaukunjua mkono wa kushoto.

"Leteni sindano."

Achola akapekua mkoba. Uzi ulikuwemo mmoja tu.

Mshono wa kwanza ulikwenda upogo, wa dhahabu, ukionekana tangu mlangoni.